Somo la Kumi na Nne: Jinsi ya Kusikia Habari Mbaya za Nchi



Katika somo lililopita tulieleza amri ya nane, inayotukataza kusema uwongo. Leo twatazama jambo lililo jirani nayo, yaani masikio. Wako Wakristu wengi wasiosema uwongo, lakini mioyo yao imechoka kwa yale wanayoyasikia kila siku juu ya nchi yetu, nao hawajui wafanyeje. Wengine wamezima redio kabisa. Wengine hawaizimi hata usiku wa manane.

Swali: Je, ni dhambi kuogopa habari za vita?

Jibu: Si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alishikwa na hofu na huzuni katika bustani ya Getsemani. Hofu ni mlinzi ambaye Mungu amemweka mlangoni pa moyo. Lakini mlinzi apigaye kelele usiku kucha pasipo mwizi huwanyima watu wa nyumba usingizi, na siku mwizi ajapo kweli hakuna aamkaye.

Tutoe mfano wa kwetu. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na wapiganaji wa M23, na katikati ya Februari ukafuata mji wa Bukavu. Tarehe 19 Machi wakaingia Walikale, iliyo kwenye njia itokayo Bukavu kupita Lubutu hata Kisangani. Sisi wa upande huu tuliyasikia hayo kwa masikio yaliyokwisha kujeruhiwa. Maana tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, na kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa raia zaidi ya 760 wakafa. Wakati ule tulikuwa vijana, tukilala chini ya vitanda. Mtu aliyesikia mabomu yakipita juu ya paa lake, akisikia leo jina la Walikale redioni, mwili wake huyasikia mabomu yale tena. Kwa hiyo mzee atetemekaye mbele ya redio asichekwe.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Katika juma lile la Machi mtu alituletea ujumbe katika simu, usio na jina la aliyeuandika, kwamba adui amekwisha kuvuka Lubutu. Hatukuuliza neno. Tulipiga kengele ya kanisa letu dogo, ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini, tukatangaza. Kijiji chote kikakimbilia msituni, mvua ikinyesha, tukakaa huko siku mbili. Mama mmoja alijifungulia juu ya majani ya migomba. Mtoto yu hai, Mungu ashukuriwe. Mzee mmoja alishikwa na homa ya mapafu, tukamzika kabla ya Pasaka. Hakuna adui aliyekuwa amefika. Mwanzoni mwa Aprili wapiganaji wale wakaondoka hata Walikale yenyewe. Tungalimpigia simu mtu mmoja tu wa Lubutu, tungaliujua ukweli.

Tangu siku ile tumejifunza kuiuliza kila habari: Nani aliyeona? Lini? Mahali gani? Habari isiyojibu yaachwe mlangoni, isiingie ndani ya nyumba wala isipitishwe kwa jirani.

Lakini hata habari ya kweli yaweza kumdhuru mtu akiisikia vibaya. Habari husomwa asubuhi, ikarudiwa adhuhuri na jioni, kisha ikaletwa na mwendesha toleka, kisha na mama auzaye samaki. Ni habari moja. Lakini moyo haujui kuhesabu hivyo. Moyo umewazika wafu wale wale mara tano. Jambo hili halikuonekana kwetu tu. Mwezi wa Aprili 2013, katika mji wa Boston, huko Marekani, mabomu mawili yalilipuka kwenye mashindano ya mbio. Wataalamu waliwauliza watu zaidi ya 4,000. Wakaona kwamba wale waliofuata habari hizo kwa muda wa saa sita na zaidi kila siku katika juma lile walikuwa na fadhaa kubwa kuliko hata waliokuwapo penyewe.

Basi twawashauri kuchagua saa moja ya habari, kabla giza halijaingia, wala si saa ya kulala. Chagueni pia sauti moja inayojulikana, kama Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 na kutangaza kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi. Msisikilize peke yenu. Aliye peke yake na redio hana wa kumwambia, «Hapo hukusikia vizuri, baba.»

Labda mmoja atasema: Je, kuzima redio si kuwaacha ndugu zetu wanaoteseka?

Swali hili ni la haki. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waamini waliokesha katika sala huko Komanda, Ituri, katika parokia yenye jina la Mwenyeheri Anuarite, walivamiwa na waasi wa ADF. Zaidi ya 40 waliuawa. Tuliisikia habari hiyo mara moja, tukazima redio, tukalia. Kulia si udhaifu wa imani. Yezu alimlilia Lazaro, naye alijua atamfufua. Kesho yake vijana wakaleta picha za maiti katika simu zao. Tuliwakataza. Yule aliyelala pale alibatizwa kama sisi, na mama yake hakututuma kumtazama hivyo.

Kisha yafaa mikono ipewe kazi. Waliokimbia ugomvi wa Wambole na Walengola, ulioanza mwaka 2023, walifika hata Kisangani, wengi bila kitu. Akina mama wa kijiji chetu walifunga chikwanga, wakawapelekea. Mmoja wao, aliyekuwa halali kwa ajili ya habari za redio, alituambia kwamba usiku wa siku ile alilala hata jogoo. Hatusemi kila mtu atapona hivyo. Akiwapo asiyekula wala kulala kwa majuma, apelekwe kwenye kituo cha afya, wala asiambiwe kwamba hana imani.

Sasa kila jioni twakutana chini ya mwembe. Redio hufunguliwa, hufungwa, na mmoja hueleza kwa maneno machache yaliyosemwa, ili mwenye kusikia nusu asiende na nusu. Kisha twasali fumbo moja la rozari, na kila mtu hutaja jina la ndugu yake aliye mbali. Kati yetu yuko mama mwenye kijana huko Goma. Majuma saba ya kwanza simu yake haikuita, naye alitaka kukaa na redio hata asubuhi, tukamwomba aje kukaa nasi. Jina la kijana lilitajwa kila jioni. Sasa simu huita mara moja kwa mwezi, na jina lingali likitajwa, maana hajarudi.