Kwa Nini Mzazi Husita Kumchanja Mtoto?



Katika mtaa mmoja tuliotembelea, mama mmoja alimzuia binti yake nyumbani siku ya chanjo shuleni. Si mama mzembe. Kadi za kliniki za watoto wake wote zimejazwa. Tulipomuuliza, alijibu: "Zile zilikuwa za watoto wachanga. Hii ni ya wasichana peke yao. Nani ajuaye itamfanya nini katika uzazi wake?"

Chanjo hiyo humkinga msichana na virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Hapa Tanzania ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haizuii kuzaa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja kusita kuchanjwa kuwa miongoni mwa matishio kumi ya afya duniani. Wataalamu hutaja sababu kuu tatu.

Kwanza ni kukosa imani. Mtu hapimi dawa peke yake, humpima pia anayeileta. Mgeni akija na gari mara moja kwa mwaka, maneno ya jirani yatakuwa na uzito kuliko yake.

Pili ni kutoiona hatari. Surua ilipokuwa ikizika watoto, hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Saratani hii huchukua miaka mingi kujitokeza, hivyo mzazi haioni kwa binti wa miaka kumi. Tena, moyo wa mzazi huogopa zaidi madhara yatokanayo na jambo alilolitenda kuliko yale ya jambo aliloliacha. "Nikimchanja akaugua, nitajilaumu," husema. Hasemi, "Nisipomchanja akaugua."

Tatu ni ugumu wa kuipata. Mzazi aliyekubali Jumapili anaweza kukwama Jumatano kwa sababu zahanati iko mbali na ni msimu wa kupalilia. Huyu hakukataa, ila tukimhesabu pamoja na waliokataa tutamhubiria mtu anayehitaji usafiri.

Basi kamati zifanye nini? Zisianze kwa kukemea, maana anayeaibishwa mbele ya watu hushikilia msimamo wake. Zisikilize hofu kwanza, kisha zijibu ile iliyotajwa. Zieleze mapema kwamba mkono unaweza kuuma na homa ndogo ikaja, ili dalili hizo zisigeuke uvumi. Zieleze pia kwamba chanjo hutolewa katika umri mdogo kwa sababu hufanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na virusi. Si ruhusa ya kuanza uhusiano. Na ziwaombe wazazi waliokwisha kuwachanja binti zao waseme wenyewe, kwani mtu hutazama wenzake wanafanya nini.

Kwa wahisani wetu: mabango yana kazi yake, lakini nauli ya mhudumu wa afya kurudi mara ya pili na ya tatu katika mtaa uleule ndiyo hujenga imani.

Yule mama tulirudi kwake mara mbili, mara ya pili tukiwa na muuguzi anayemfahamu. Aliuliza maswali kwa muda mrefu. Mwishowe alisema, "Mbona siku ile hakuna aliyenieleza hivi?" Wiki iliyofuata alimpeleka binti yake mwenyewe.