Mashine ya Kumbukumbu Isiyokula Umeme



Jamvi bovu hula faida ya karafuu kidogo kidogo, wala halipigi kelele. Ndivyo ilivyo na mashine iwakayo usiku na mchana.

Siku hizi wengi wetu tumeweka ndani ya simu picha za hati za shamba, stakabadhi za mauzo na hesabu za wachumaji. Simu ikitumbukia kisimani, vyote vimekwenda. Kwa hiyo wako wanaotaka kuweka nyumbani kompyuta ndogo yenye diski, ili simu zote za nyumba zipeleke kumbukumbu huko. Ni jambo jema, lakini kwanza tupige hesabu.

Tuchukue mfano wa wenzetu wakulima wa kokoa wa Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Haja yao ni kama yetu, tena imezidi, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ya kuzuia mazao yaliyolimwa kwa kukata misitu, imeitaja kokoa, nayo yataka mahali pa kila shamba pajulikane.

Tuseme nyumba moja ya Kyela hutumia uniti 40 za umeme kwa mwezi. Katika orodha ya bei za TANESCO ya mwaka 2016, mtumiaji mdogo alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, mbali na kodi. Mwenye nyumba akiwasha kompyuta kuukuu ya ofisini inayokula wati 60 saa zote, kwa siku 30 itakula uniti 43.2. Jumla ni 83.2, mpaka umevukwa. Badala ya shilingi 4,000, atalipa 10,370. Akiweka mashine ya wati 15, itakula uniti 10.8 tu, naye atalipa 5,080. Sisi wa visiwani bei zetu ni nyingine, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Tofauti hiyo hutoka zaidi katika ubao mama, yaani lile bapa ndani ya kompyuta ambalo prosesa, diski na vyombo vingine vyote vimeunganishwa nalo. Wakati wa kuuchagua, angalieni mambo haya:

1. Ulizeni mashine hula wati ngapi ikiwa imekaa bure. Mashine ya kumbukumbu ni kama mlinzi wa usiku: saa nyingi hukaa tu, lakini chakula chake ni lazima. Njia ya hakika ni kuipima kwa kipimo cha kuchomeka ukutani.

2. Ubao wenye prosesa iliyogandishwa juu yake, kama Intel N100 iliyotoka mwaka 2023, watosha kabisa kwa kazi hii. Prosesa hiyo imekadiriwa wati 6, na nyingine za namna yake hupoa bila feni. Lakini msidhani wati 6 ndiyo mashine nzima. Ubao wenyewe una ulaji wake, na diski kubwa moja inayozunguka huongeza wati 4 au zaidi.

3. Hesabuni diski zenu kabla ya kununua. Ubao wa namna hii mara nyingi una matundu mawili tu ya SATA. Mkiongeza kadi ya matundu, kadi nyingine humzuia prosesa kulala usingizi mzito, na faida yote ikapotea.

4. Pawasaplai kubwa ya wati 500 hupoteza umeme mwingi ikibeba mzigo wa wati 15. Bora ubao unaopokea umeme wa chaja, kama ya kompyuta ya mkononi.

Kyela ni bonde la joto, la mvua nyingi na mafuriko. Mashine iwekwe juu, mahali penye hewa. Na mashine moja haitoshi: nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine, katika nyumba nyingine.

Na asiye na fedha ya ubao mpya je? Asikate tamaa. Kompyuta ile ile ya wati 60 akiiwasha saa mbili tu kila jioni, simu zikapeleka kumbukumbu, kisha akaizima na kuichomoa ukutani, itakula uniti 3.6 kwa mwezi. Hiyo ni chini hata ya mashine mpya iwakayo saa zote.

Basi, ndugu, kabla ya kununua jiulizeni: je, ni lazima iwake usiku kucha? Kama ndiyo, nunueni ubao mdogo. Kama siyo, swichi ya ukutani ni dawa ya bure.