Tumbo la Askari na Sindano ya Seli Shina

Tulipofika Malaba, malori yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara, kama ilivyo desturi ya mpaka huo wa Tororo na Busia. Askari mmoja wa upande wa Uganda, aliyesimama zamu tangu alfajiri kwa chai ya rangi na andazi moja, alituvuta pembeni. Vidonda vya tumbo vilikuwa vikimsumbua kwa miaka mingi. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo watu huchomwa sindano ya seli shina, na tumbo likawa jipya. Je, auze shamba?

Swali hilo si la kuchekwa. Ni kweli kwamba utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila siku 3 hadi 5, na kazi hiyo hufanywa na seli shina zilizojificha katika vishimo vidogo mno. Hans Clevers na wenzake wa Uholanzi walizitambua mwaka 2007. Vishimo hivyo ni kama depo ya makuruta: waliochakaa huondoka, wapya hushika zamu.

Lakini mwaka 2018 Ulaya ilipoidhinisha dawa ya seli shina zilizotolewa katika mafuta ya mwili, ilikuwa kwa ajili ya matundu yatokeayo karibu na njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wa Crohn. Jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha kuwa inaishinda sindano isiyo na dawa, na mwaka 2024 ikaondolewa katika soko la huko.

Ugonjwa huo, tena, si vidonda vya tumbo. Hapo ndipo wachuuzi wa sindano huwachanganya watu. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na vidonge vya maumivu, kama aspirini, vinavyomezwa ovyo baada ya gwaride. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao makusudi, akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Tiba ni vidonge vya kuua bakteria na vya kupunguza asidi, kwa wiki 2 hivi, baada ya kupimwa. Choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akitapika damu, asingoje zamu iishe.

Askari wetu aliuliza kama kipimo cha damu chatosha. Tulimjibu kwamba hicho huweza kuonyesha maambukizo yaliyokwisha kupona. Aombe cha choo au cha pumzi. Dereva mmoja akapiga honi, naye akarudi kazini.