Zilizala na Majengo ya Umma

Alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023 ardhi ilitikisika kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Shamu kwa kipimo cha 7.8; na mchana wa siku ile ile ikatikisika tena kwa kipimo cha 7.5. Katika Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000, na katika Shamu maelfu wengine. Mwenyezi Mungu awarehemu. Khabari za vifusi zimekwisha andikwa sana. Sisi tunataka kuwaeleza wasomaji wetu khabari za vitu ambavyo waliosalimika huvitegemea: hospitali, barabara, maji, umeme na bandari.

Wataalamu wakipima kitu kama hicho hawaulizi tu kama kilisimama. Huuliza kilipoteza kiasi gani cha kazi yake, na kilichukua siku ngapi kuirudia. Kiwanja cha ndege cha Hatay njia yake ya kurukia ilipasuka. Ikatengenezwa, na tarehe 12 Februari kikafunguliwa tena. Kwa hesabu ya mafundi huko ni kurudi upesi. Walakin kwa mtu aliyefukiwa na zege, siku sita ni umri mzima. Katika bandari ya Iskenderun makontena yalishika moto uliowaka siku kadhaa.

Khasa tuzitazame hospitali. Mjini Iskenderun jengo la hospitali ya serikali liliporomoka na wagonjwa wamo ndani. Huko Adana hospitali kubwa mpya ilisimama, ikaendelea kupokea majeruhi. Tangu mwaka 2013 Wizara ya Afya ya Uturuki iliagiza kwamba hospitali kubwa, katika sehemu za hatari, zitenganishwe na mtikisiko wa ardhi. Nguzo hazikazwi moja kwa moja katika msingi, bali hukaa juu ya vyombo vya chuma vilivyobonyea mfano wa bakuli, au juu ya matabaka ya mpira mzito. Ardhi ikienda mbio huku na huku, jengo huteleza taratibu juu yake. Hivyo husalimika kuta, na pia mitungi ya hewa, taa za chumba cha kupasulia na dawa kabatini. Lakini hospitali hiyo nayo yataka maji na umeme, na barabara ya kuifikia. Likikatika moja, mengine hulemaa.

Mtu atasema haya yote ni kadari. Kadari haikanushi Mwislamu. Walakin chuma kilichopunguzwa katika nguzo ni khiyana ya mjenzi. Mwaka 2018 Uturuki ilitoa sharia ya kuyahalalisha majengo yaliyojengwa kinyume cha kanuni, mwenyewe akilipa ada. Sisi twaona ada haiongezi nguvu nguzo hata moja. Mjini Antakya ulianguka hata msikiti mkongwe wa Habib an-Najjar, ambaye wafasiri wengi humtaja wanapoieleza Surat Yasin.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, ambacho nguvu yake haifiki sehemu moja kwa mia sita ya lile la Uturuki. Hata hivyo watu zaidi ya 15 walikufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao.