Kaswende ya Macho kwa Wanaoishi na VVU: Dalili Isiyofaa Kusubiriwa

Katika kijiji kilicho mbali na hospitali kubwa, kama Litumbandyosi wilayani Mbinga, ni rahisi mtu anayeona ukungu kusubiri jicho lipone lenyewe au kununua dawa ya matone dukani. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU), subira hiyo yaweza kumpofusha, kwa kuwa chanzo chaweza kuwa kaswende.

Kaswende huletwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum na huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Ndiyo maana huandamana na VVU. Bakteria huyo huweza kulishambulia jicho katika hatua yoyote ya ugonjwa, hata kama kidonda cha sehemu za siri kilikwisha kupona au hakikuonekana kamwe, na hata kwa mgonjwa anayetumia vema dawa za kufubaza virusi.

Dalili zake ni uoni hafifu, madoa yanayoelea mbele ya macho, wekundu, maumivu na kuumizwa na mwanga. Hata hivyo, jicho laweza kuwa jeupe na lisiume, ilhali retina au neva yake inaharibika. Vipele viganjani na nyayoni, kupungua kwa usikivu na kuumwa kichwa huongeza shaka.

Mhudumu wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) apime uoni wa kila jicho na kufanya kipimo cha kaswende siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka huweza kubaki chanya maisha yote, hata baada ya tiba. Hivyo VDRL au RPR huhitajika ili kufuatilia ugonjwa. Majibu hasi yasiyolingana na dalili yarudiwe kwa seramu iliyozimuliwa.

Sindano moja ya benzathini penisilini msulini haitoshi, kwani dawa haifiki kwa kiwango cha kutosha ndani ya jicho. Mgonjwa hulazwa na kupewa penisilini G kwa njia ya mshipa, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Matone ya steroidi bila penisilini huweza kuficha ugonjwa huku ukiendelea.

Kwa hiyo rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Songea, iandikwe mapema, na mwenzi wa mgonjwa apimwe na kutibiwa. Uoni huweza kurejea tiba ikiwahi. Ikichelewa, upofu huweza kuwa wa kudumu.