Kiatu cha shilingi 800 kwenye changarawe ya Olkaria

Ardhi ya Olkaria hula viatu. Ukiacha lami ya barabara inayopita kusini mwa Ziwa Naivasha, ukapanda kuelekea visima vya mvuke vilivyo ndani na kando ya Mbuga ya Hell's Gate, unakanyaga majivu ya volkano, kokoto nyepesi za pumisi na vipande vyeusi vya obsidiani vinavyong'aa juani. Obsidiani ni kioo cha volkano: lava yake ilipoa upesi mno hata madini yaliyomo hayakuwahi kuganda kuwa chembe. Ikivunjika, ukingo wake hukata, ndiyo maana watu wa kale wa Bonde la Ufa waliichonga kuwa visu. Pumisi nayo ni kioo kilichojaa mapovu ya hewa. Ndilo jiwe tunalosugulia visigino bafuni, na mtu anayefanya kazi juu yake anazisugua soli zake tangu asubuhi hadi jioni.

Nimeanza na ardhi kwa sababu swali la kiatu rahisi na kiatu ghali huulizwa kana kwamba jibu lake liko dukani. Watu husema rahisi ni ghali, wakaishia hapo. Mimi naona msemo huo ni kweli kwa watu fulani, katika kazi fulani, kwa viatu vya aina fulani. Anayeufuata bila kupiga hesabu anaweza kupoteza pesa nyingi kuliko jirani yake aliyenunua cha rahisi.

Basi tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano. Msomaji aweke za soko lake. Kibarua anayechimba mitaro ya mabomba ananunua kiatu cha shilingi 800 pale Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, kinamdumu miezi 3. Mwenzake ananunua buti la ngozi la shilingi 4,500, linamdumu miezi 18, kisha fundi analipiga soli mpya kwa shilingi 900 na linakwenda miezi mingine 12. Katika miezi hiyo 30, wa kwanza amenunua jozi 10 kwa shilingi 8,000. Wa pili ametoa 5,400. Tofauti ni shilingi 2,600, na wa pili hajapitisha msimu wowote wa mvua akitembea na soli iliyotoboka.

Mwandishi Mwingereza Terry Pratchett aliitumia hoja ya namna hii katika riwaya yake ya mwaka 1993, Men at Arms, kueleza kwa nini maskini hutumia pesa nyingi kuliko tajiri kwa kitu kilekile, na tangu hapo imetajwa sana katika mijadala ya umaskini. Hoja yenyewe ni nzuri. Kasoro ni kwamba wanaoirudia huchukulia kuwa buti ghali litaishi umri wake wote mikononi mwa aliyelinunua.

Tuiangalie hesabu yetu tena. Kiatu cha shilingi 800 kwa miezi 3 kinamgharimu mwenyewe kama shilingi 267 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, buti la 4,500 halijarudisha pesa zake mpaka mwezi wa 17. Likiibwa mlangoni mwezi wa 5, aliyepata hasara ni mnunuzi wa ghali. Kibarua kikiisha mwezi wa 6, na kazi inayofuata ikawa ya dukani au shambani, vilevile. Na kazi za Olkaria huja kwa mawimbi. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Miongoni mwa iliyofuata ni Olkaria IV mwaka 2014 na Olkaria V mwaka 2019. Ujenzi huhitaji mikono mingi kwa muda, kisha mitambo ikishawashwa wanabaki wachache. Mwenye mkataba wa miezi 6 ajiulize kwanza kama atalihitaji buti la miezi 30 huko aendako.

Kisha kuna swali la pesa zinatoka wapi. Mtu anayelipwa kwa siku hana shilingi 4,500 za kutoa kwa mkupuo. Akikopa kwa simu kwa riba ya asilimia 8 kila mwezi juu ya mkopo wote, akalipa kwa miezi 6, riba peke yake ni shilingi 2,160. Ile akiba ya 2,600 imebaki 440. Akisubiri zamu yake katika chama cha kuchangiana, akiba yote ni yake. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu kibarua kwa kununua kiatu hafifu, tumuulize anapata pesa kwa njia gani. Linaniuma kuona watu wakikaripiwa kwa kukosa busara, hali walichokosa ni shilingi elfu nne kwa siku moja.

Sasa tuingie ndani ya kiatu, maana huko ndiko pesa zinakokwenda au zisikokwenda. Sehemu inayoamua umri wa kiatu cha kazi ni pale soli inapokutana na ngozi ya juu. Kuna njia tatu kuu za kuziunganisha. Ya kwanza ni gundi tupu. Gundi nyingi za viatu huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na hiyo ndiyo sababu kiatu kilichoanikwa kando ya jiko hufungua mdomo mbele. Ya pili ni kumimina soli ikiwa ya moto, moja kwa moja juu ya ngozi ndani ya kalibu. Hushika vizuri sana, lakini ikiisha imeisha. Fundi wa kando ya barabara hana pa kuanzia. Ya tatu ni uzi: soli inashonwa kwenye ukanda unaozunguka kiatu, na ukanda huo umeshonwa kwenye ngozi ya juu. Soli ikilika, fundi anakata uzi wa nje, anaitoa, anashona nyingine, na ngozi ya juu haiguswi. Hapo ndipo bei kubwa inapokuwa na maana, kwa sababu umenunua kiatu chenye maisha mawili au matatu.

Ukishaelewa hilo, utaona kwamba kiatu cha shilingi 6,000 chenye soli ya gundi kinaweza kuwa na umri sawa na cha 1,500 chenye gundi. Zile 4,500 za juu umelipia jina, sura na pango la duka.

Ngozi pia ina siri yake. Ngozi ya ng'ombe ni nene, hivyo kiwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, ndilo lenye nyuzi zilizosukana kwa karibu zaidi na ndilo linalostahimili kukunjwa mara elfu. Tabaka la chini ni laini na dhaifu. Hupakwa utando wa plastiki, likapigwa chapa ya vinyweleo, na kuuzwa kama ngozi. Mwuzaji akikuambia ni ngozi halisi hajakudanganya. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjikia ukiangalie kwa karibu: ngozi ya juu hutoa mikunjo midogo mingi isiyolingana, na ile iliyopakwa utando hutoa mkunjo mmoja mpana, kama wa turubai. Utando huo ndio hupasuka kwanza, na vumbi la Olkaria likishaingia kwenye ufa husaga nyuzi kila hatua.

Hatari nyingine inawapata hasa wanaodhani wamepata bahati kwenye mitumba. Buti nyingi za kazi kutoka Ulaya zina soli ya poliyurethani, povu jepesi linalostarehesha mguu. Aina nyingi za povu hilo huvunjwa na unyevunyevu wa hewani. Maji huingia taratibu na kukata minyororo ya molekuli zake hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini, na joto huharakisha kazi hiyo. Unaweza kununua buti linaloonekana jipya kabisa, ngozi yake safi, ukalivaa wiki moja na soli ikaporomoka vipande vipande. Kosa si la fundi wala la mvaaji. Kinga ipo: kiatu cha usalama kilichotengenezwa kwa kiwango cha ISO 20345 lazima kiwe na alama ya wakati kilipotengenezwa, kwa kawaida kwenye ulimi au chini ya soli. Itafute. Kama umri wake umefika miaka 8 au 10 na soli ni ya povu, mwachie mwuzaji hata akishusha bei. Soli ya mpira mtupu haina udhaifu huu.

Kiwango hicho kina mambo mengine ya kusoma kabla ya kutoa pesa. Bamba la mbele ya vidole lazima lihimili pigo la jouli 200. Alama S3 inamaanisha sehemu ya juu ya kiatu inahimili maji kwa muda na kiatu kina kinga ya kutoboka chini ya wayo, jambo lenye uzito mahali penye obsidiani na misumari ya mbao za ujenzi. Herufi HRO zinamaanisha soli imejaribiwa kwa kugusishwa joto la nyuzi 300 kwa dakika moja. Karibu na mabomba ya mvuke, kiatu kisicho na herufi hizo sikihesabu kuwa rahisi kwa bei yoyote, kwa kuwa gharama ya wayo ulioungua haipimwi kwa miezi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wafanyakazi wengi hawajaambiwa. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayekabili majimaji au vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga yanayofaa, viatu vikiwemo inapohitajika. Kwa hiyo kibarua wa kisimani anayehangaika kuchagua kati ya buti la 800 na la 4,500 kwa pesa zake huenda anabeba gharama ambayo sheria imemtwika mwingine. Amuulize msimamizi kabla ya kwenda sokoni.

Kuna mahali ambapo cha rahisi kinashinda waziwazi. Akala ni mfano ninaoupenda. Wafugaji wa Kimaasai wa upande wa Narasha na Suswa wanavaa kandambili zilizokatwa kutoka gurudumu la gari, na sijui kiatu ghali kinachoweza kushindana nazo kwenye kokoto zile. Mpira wa gurudumu umechanganywa na masizi maalumu ya kaboni ili ustahimili kusuguliwa na barabara kwa makumi ya maelfu ya kilomita, na ndani una nyuzi za kuuzuia kuchanika. Anayenunua akala ananunua kazi ya kiwanda kizima kwa bei ya taka. Hazilindi vidole wala hazifai penye maji ya moto, lakini kwa kutembea nyuma ya mbuzi zinatosha.

Gambuti za mashamba ya maua kando ya ziwa nazo ni hivyo. Ngozi inayolowa kutwa na kukauka usiku hukakamaa na kupasuka. Plastiki ya bei ndogo hapo ni sahihi.

Viatu vya watoto vinategemea familia. Mtoto wa pekee hupita namba yake kabla soli haijaisha, na pesa za kiatu imara zinabaki chini ya kitanda. Penye watoto watatu wanaofuatana, kiatu imara cha shule kilichorithiwa na mdogo kinaweza kuwa ununuzi bora kuliko wote nyumbani.

Anayeamua kununua ghali asikivae kiatu hicho kila siku akiweza. Jasho la kutwa huhitaji saa 24 au zaidi kutoka ndani ya ngozi, na ngozi yenye unyevu huchanika kwenye mshono. Akifute vumbi la volkano kwa brashi kila jioni, akipake rangi au mafuta kabla mikunjo haijakauka, akianike kivulini. Na kabla ya kukilipia, akipitishe kwa fundi wa viatu anayemjua, amuulize maswali mawili: soli hii ikiisha utaweza kuishona nyingine, na kwa shilingi ngapi? Fundi akitikisa kichwa, bei ya kulinganisha na kile cha 800 ni bei ya jozi moja itakayoisha mara moja, na hesabu ianze upya.