Mafuta ya kula, kitambi na moyo: tusichanganye mambo

Niko Zagayu, huku Itilima mkoani Simiyu. Leo naomba tuongelee mafuta ya kula. Najua kuna watakaosema huyu dogo wa form four naye kageuka daktari. Hapana, udaktari sina. Ila nimesoma, nimeuliza wanaojua, na nimechoka kusikia siku ya gulio mmoja anasema mafuta yote ni sumu, mwingine anasema ya asili hayana neno hata ukinywa kikombe. Wote wawili wanapoteza watu.

Kwanza tatizo lipo. Kwetu Usukumani mtu akirudi kutoka Mwanza na mashavu yamejaa tunasema mambo yake yamenyooka. Lakini angalia takwimu za nchi nzima: mwaka 1991-92 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito au kunenepa kabisa walikuwa 11%. Mwaka 2015-16 wakafika 28%. Na uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama robo ya watu wazima wana presha. Hiyo si habari ya Masaki peke yake jamani.

Sasa mafuta yanaingiaje hapo? Yanaingia kwa milango miwili, na sisi tunaichanganya.

Mlango wa kwanza ni KIASI. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Yawe ya alizeti, ya pamba au samli ya bibi, kwenye uzito ni yale yale. Mwili ukipewa kuliko unavyotumia unaweka akiba chini ya ngozi, na pakijaa unaanza kuweka ndani, kuzunguka utumbo na kwenye ini. Hicho ndo kitambi chenyewe. Ini lililojaa mafuta haliisikii vizuri insulini, kwa hiyo linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku hujala kitu. Pia linatoa mafuta mengi yanayoitwa trigliseridi, na lehemu nzuri inashuka. Ndo maana kitambi, sukari na moyo vinapenda kutembea pamoja.

Mlango wa pili ni AINA. Mafuta yanayoganda kirahisi (samli, mafuta ya ng'ombe, mawese, nazi) yanalifanya ini lizembee kuokota lehemu mbaya kwenye damu. Hiyo lehemu inabaki inazunguka, inajipenyeza kwenye kuta za mishipa, na baada ya miaka mingi mshipa wa moyo unaziba. Hausikii maumivu mpaka siku hiyo. Mafuta ya maji maji kama alizeti yanafanya kinyume, yanashusha lehemu mbaya.

Kuna utafiti wa Sweden uliotoka 2019 ambao kwangu ndo unamaliza ubishi. Walichukua watu 61 wenye uzito uliozidi, wakawalisha vikeki vya ziada kwa wiki 8. Kundi moja vyao vilikuwa na mafuta ya mawese, kundi lingine alizeti. Wote walinenepa karibu sawa. Lakini wale wa mawese mafuta kwenye ini yaliongezeka kwa karibu nusu na lehemu ikaharibika, wale wa alizeti ini likabaki lilivyokuwa. Umeona? Aina haikumzuia mtu kunenepa, ila ilibadilisha kilichotokea ndani.

Na Mauritius, nchi nzima ilifanya hivyo. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya mgao, kutoka ya mawese kwa sehemu kubwa kwenda ya soya. Kufikia 1992 wastani wa lehemu ulishuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Unene lakini ULIONGEZEKA. Milango miwili tofauti, nimesema.

Haya turudi nyumbani. Simiyu ndo mkoa wa pamba, na mbegu zake zinakamuliwa mafuta. Ya pamba yana karibu robo tu ya hayo mafuta yanayoganda. Mawese karibu nusu, samli zaidi ya nusu, alizeti kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo alizeti ni bora, pamba inafuata. Halafu sisi tunauza pamba, tunakwenda dukani kupimiwa mawese yaliyoganda kwenye dumu asubuhi ya baridi! Bei ndo inaamua, naelewa, simlaumu mtu.

Ila tahadhari: pamba iwe ILIYOSAFISHWA. Yale meusi meusi yaliyotoka tu kwenye mashine yana sumu inaitwa gosipoli. Wachina waligundua kwamba inaua nguvu ya mbegu za kiume, na miaka ya 1970 wakaijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Wakaachana nayo maana ilishusha potasiamu mwilini na wengine uzazi haukurudi. Vijana wenzangu mmesikia.

Mama yangu mdogo ana presha na sukari, na mwili anao. Alipoambiwa apunguze mafuta akaacha ya dukani kabisa, akahamia samli, eti hii ni ya ng'ombe wetu. Kapunguza nini sasa? Tulikaa naye tukakubaliana: samli siku za wageni, mboga za kila siku alizeti kidogo kwa kijiko, siyo kumimina kutoka kwenye chupa. Nsansa yenye karanga aendelee nayo, karanga zina mafuta mazuri, ila nazo zina kalori, kwa hiyo siyo sahani mbili na mlima wa ugali. Chai nayo sukari vijiko vinne ilibidi tuiongelee, maana ukitoa mafuta ukaongeza sukari na maandazi, ini linatengeneza mafuta lenyewe.

Huna mzani? Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu. Mwanaume ukifika sentimita 94, mwanamke 80, nenda kituo cha afya wakupime presha na sukari. Lehemu huenda wakakuandikia uende hospitali kubwa zaidi.

Na kama tayari umeandikiwa vidonge, usiviache kwa sababu umebadilisha mafuta. Mama mdogo bado anameza vyake kila asubuhi, analalamika lakini anameza.